Rangi Zikikataa Kwenye Skrini, Usiiguse Picha Kwanza

Swali ninaloulizwa sana na wahariri wa picha ni hili: mbona picha ni ya njano ndani ya programu za kuhariri kama Lightroom au Photoshop, lakini nikiifungua kwingine iko sawa? Mara nyingi anayeuliza ameshavuta kitelezi cha joto la rangi kuelekea bluu mpaka njano ikaisha. Hapo ndipo roho inaniuma, maana picha haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa njiani, kati ya faili na skrini, na sasa faili lililokuwa salama limeharibiwa ili lifidie kosa lisilo lake. Likienda kwa mteja au kwenye printa, nyuso za watu zinatoka za bluu.

Kwa hiyo kabla ya kurekebisha chochote, jua kosa limekaa wapi: kwenye faili, kwenye programu, au kwenye skrini.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kijivu. Kwenye Photoshop, fungua faili jipya lenye mfumo wa rangi wa sRGB, ule wa kawaida wa intaneti na skrini nyingi, ulijaze rangi ambayo nyekundu ni 128, kijani 128 na bluu 128. Namba tatu zikilingana, rangi hiyo haiegemei upande wowote. Sasa peleka kishale juu yake na usome namba kwenye paneli ya Info. Kwenye Lightroom ukiwa sehemu ya Develop, namba hizo huonekana kwa asilimia chini ya histogramu, ile grafu ya mwanga na giza la picha; hapo pima kitu cha kijivu kilicho ndani ya picha yenyewe. Kama namba zinalingana lakini jicho lako linaona unjano au uwaridi, faili ni safi. Namba zinatoka kwenye faili. Kile unachokiona kimepita mikono mingine kadhaa kabla ya kukufikia.

Kipimo cha pili, kwa wenye Windows, ni kupiga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, si kwa kamera, kisha kuitazama kwenye simu au kompyuta nyingine. Unjano ukiwa bado upo, umeingizwa na programu kupitia profaili ya skrini, yaani faili la maelezo ya rangi za skrini nitakalolieleza sasa hivi. Ukiwa haupo, umeingia baada ya hapo: hali ya mwanga wa usiku imewashwa, vitufe vya skrini yenyewe vimechezewa, au waya una hitilafu. Tofauti ndogo za rangi kati ya vifaa ni za kawaida, usizihangaikie. Unachotafuta ni ule unjano uliokutisha.

Tuje kwenye mhusika mkuu sasa. Kila skrini huchora nyekundu, kijani na bluu kwa namna yake. Ili programu ijue skrini yako inachoraje, inasoma faili dogo liitwalo profaili ya ICC, kwa jina la muungano wa kimataifa wa rangi (International Color Consortium) ulioanzishwa mwaka 1993 kusimamia kanuni hizo. Programu makini ya kuhariri inatumia profaili mbili kwa pamoja: ya picha, inayosema namba hizi zina maana ya rangi gani, na ya skrini, inayosema rangi hiyo ipatikaneje hapa. Profaili ya skrini ikiwa mbovu, hesabu yote inapotoka. Ndiyo maana programu zisizosoma profaili kabisa zinaonyesha picha ikiwa sawa, wakati ile inayojali rangi ndiyo inayoonekana mgonjwa. Watu wengi huiondoa programu na kuisakinisha upya, wakapoteza siku nzima, na unjano ukabaki pale pale.

Profaili mbovu huingia kimyakimya. Mara nyingi kwenye Windows huja pamoja na sasisho au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) ya mtengenezaji wa skrini. Dalili zake nazifahamu vizuri: nyeupe yenye unjano, vivuli vilivyomezwa na weusi, au anga la bluu lililogeuka zambarau.

Namna ya kuthibitisha ni hii. Kwenye Windows, tafuta Color Management, chagua skrini yako, weka alama kwenye kisanduku cha kutumia mipangilio yako mwenyewe, ongeza profaili ya sRGB IEC61966-2.1 na uifanye ya msingi. Kisha funga programu ya kuhariri kabisa na uifungue upya. Kwenye Mac, nenda kwenye mipangilio ya skrini ubadilishe profaili ya rangi. Kasoro ikitoweka, umempata mkosaji: ni profaili ya skrini.

Lakini usiishie hapo. sRGB ni dawa ya muda. Kama skrini yako ni ya rangi pana, yaani inaonyesha rangi nyingi kuliko zilizomo kwenye sRGB, profaili hiyo itafanya rangi zote zionekane kali kupita kiasi. Tiba ya kweli ni kuipima skrini kwa kifaa cha kupimia rangi. Kwa kazi za kawaida mimi huweka nyeupe ya D65 (kipimo cha nyeupe ya mwanga wa mchana), gama 2.2 (namna mwanga unavyopanda kutoka giza hadi nyeupe), na mwangaza wa kama kandela 120 kwa mita ya mraba (cd/m²). Na kama baada ya kupima programu fulani bado inaonyesha rangi za ajabu, tengeneza profaili upya kwa toleo la 2 la ICC badala ya la 4, kwani zipo programu zinazoshindwa kulisoma la 4 vizuri.

Upande wa faili kuna kosa moja ninalokutana nalo kila mara: picha iliyopoteza profaili yake. Nyekundu kamili ya sRGB, yaani 255, 0, 0, ikigeuzwa kuwa Adobe RGB, mfumo wenye rangi nyingi kuliko sRGB, inaandikwa 219, 0, 0. Ni nyekundu ile ile. Sasa ondoa profaili, programu idhani ni sRGB, na 219 hiyo inasomwa kama nyekundu iliyofifia. Picha nzima inapauka. Hapa amri mbili za Photoshop huchanganywa sana. Assign Profile huacha namba zilivyo na kubadilisha maana yake, kwa hiyo mwonekano hubadilika. Convert to Profile hubadilisha namba ili mwonekano ubaki. Picha iliyopoteza profaili inahitaji ya kwanza. Picha yenye profaili yake sahihi unayoipeleka kwenye intaneti inahitaji ya pili, kwenda sRGB.

Mengine ni mepesi. Rangi zikififia ghafla Photoshop ikiwa wazi, huenda umebonyeza Ctrl+Y na kuwasha mwonekano wa majaribio ya uchapishaji, bonyeza tena. Madoa mekundu na ya bluu juu ya picha kwenye Lightroom ni tahadhari ya sehemu zilizopoteza maelezo, na herufi J huyawasha na kuyazima. Picha ghafi (RAW) inayobadilika rangi sekunde chache baada ya kufunguka haina ugonjwa: kwanza unaona JPEG iliyotengenezwa na kamera, kisha programu inaweka tafsiri yake. Nyeusi ikionekana ya kijivu kwenye skrini ya HDMI, kadi ya michoro huenda inatuma viwango vya 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255.

Miraba myeusi au ya zambarau inayorukaruka unapokuza picha ni habari tofauti kabisa. Hiyo ni kadi ya michoro au draiva yake. Zima matumizi ya kadi hiyo kwenye mipangilio ya utendaji ya programu, uifungue upya, na miraba ikipotea chukua draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, kisha uiwashe tena. Usiiache imezimwa, programu itakuwa nzito bila sababu.

Skrini ikishakaa sawa, rudi kwenye picha ulizozihariri wakati ilipokuwa inakudanganya. Za picha ghafi ni rahisi, kwa sababu marekebisho hayajagusa data ya asili: rudisha mizani ya nyeupe ilivyokuwa na uanze upya. JPEG uliyoihifadhi juu ya nakala yake ya mwanzo ndiyo ngumu. Tafuta ndani yake kitu unachojua kilikuwa cha kijivu, ukisahihishe kwa kile kitone cha kijivu (eyedropper) kilicho ndani ya zana ya Curves ya Photoshop hadi namba tatu zilingane, na ukubali kwamba baadhi ya maelezo kwenye anga na ngozi hayatarudi.