Mchujo: aliyechujwa ni yupi?

Juzi nilikuwa kwenye daladala ya UDOM, redio imewashwa, mtangazaji akawa anasimulia habari za kundi la ABBA. Akasema "Waterloo" ni "wimbo uliochujwa na Uswidi mwaka 1974 kwenda Eurovision." Mama aliyekaa kando yangu akanigeukia: "Sasa mwanangu, kama walichujwa, walishindaje?" Sikuwa na jibu la haraka, maana mama alikuwa amesikia sawasawa. Neno ndilo lililokosewa, na si mara ya kwanza kulisikia likitumiwa hivyo.

Eurovision ni shindano la nyimbo lililoanza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi. Siku hizi kila nchi hupeleka wimbo mmoja, na anayeupeleka si serikali bali shirika la utangazaji la nchi hiyo. Shirika hilo likizishindanisha nyimbo kadhaa nyumbani hadi ubaki mmoja, huo ndio mchujo.

Tabu inaanzia kwenye kitenzi chenyewe, kuchuja. Jikoni kina pande mbili. Unachuja chai, na chai iliyochujwa ndiyo unayokunywa. Kule Hombolo maji ya zabibu yakichujwa, yanayotunzwa ni maji. Maganda na kokwa hubaki kwenye chujio. Lakini pia tunasema "chuja hayo majani," na hapo kinachochujwa ni kile kinachotupwa. Kitenzi kimoja kinabeba kinachobaki na kinachoondoka, wala hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu chujio liko mkononi na kila mtu anaona.

Kwa watu haiko hivyo. Mtu akichujwa, ametoka. Sisi wa Dodoma tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Julai 2015 wanachama 38 wa CCM walikuwa wamerudisha fomu za kuomba kugombea urais. Vikao vilikaa hapa mjini, yakabaki majina matano, kisha matatu, na Mkutano Mkuu ukampitisha John Magufuli. Hakuna aliyesema Magufuli "amechujwa". Waliochujwa ni wale wengine, na mji mzima ulielewa hivyo bila kufundishwa. Nyimbo nazo, kwa kuwa zinashindana kama watu, zimefuata kanuni ya watu na si ya chai.

Halafu kuna kuchuja kwa tatu, na hii naipenda zaidi. Kitenge kikifuliwa mara nyingi rangi inachuja. Msanii naye huchuja, jina likapoa, watu wakaacha kumtaja. Kati ya "amechuja" na "amechujwa" kuna herufi moja tu, lakini wa kwanza amefifia mwenyewe, wa pili ameondolewa na wengine. ABBA hao hao wanatosha kuonyesha tofauti. Mwaka 1973 walipeleka "Ring Ring" kwenye mchujo wa Uswidi, wakashika nafasi ya tatu, wakabaki nyumbani. Hapo ndipo walipochujwa. Mwaka uliofuata walirudi na "Waterloo", wakapita, wakaenda kwenye Eurovision mjini Brighton, Uingereza, na tarehe 6 Aprili wakashinda. Walichujwa mara moja, lakini hawajachuja mpaka leo.

Kuna kosa jingine dogo: kuita mchujo kila namna ya kupata mwakilishi. Mwaka 2022 BBC ya Uingereza ilimchagua mwimbaji Sam Ryder ndani kwa ndani, bila nyimbo kushindanishwa mbele ya watu, naye akaishika nafasi ya pili. Huo ni uteuzi. Italia ina njia yake: mshindi wa tamasha la Sanremo, ambalo lilianza 1951, hupewa nafasi ya kwanza ya kwenda na anaweza kukataa. Mwaka 2025 Olly alishinda Sanremo akakataa, akaenda Lucio Corsi aliyekuwa wa pili. Corsi hakuteuliwa juu kwa juu, wala hakushinda nyumbani. Alipokea nafasi iliyoachwa. Kwa hali kama hiyo sentensi nzima inaeleza vizuri kuliko neno moja.

Simlaumu mtangazaji. Nadhani alikuwa na chai kichwani: kilichochujwa ni kile kizuri kilichopita. Ila msikilizaji wake alikuwa na watu kichwani, na wimbo unaoshindanishwa tunauhesabu pamoja na watu. Safari nyingine aseme "wimbo uliopita kwenye mchujo wa Uswidi," na lile neno "uliochujwa" aliweke kwa "Ring Ring". Nilimweleza mama hivyo hivyo kabla hajashuka. Akasema, "Kumbe walichujwa mwaka wa nyuma yake."