Vinundu kwenye ini la mtoto: tusubiri picha ya dakika ya 20

Mtoto aliyepona nyuroblastoma (saratani ya watoto inayoanzia kwenye seli changa za neva) akirudi kliniki miaka kadhaa baadaye, na ultrasaundi ikaonyesha vinundu kwenye ini, wazazi huwaza jambo moja tu: saratani imerudi. Madaktari nao huwaza hivyohivyo. Kabla hajachomwa sindano ya kuchukua kinyama, mimi huomba MRI (picha inayopigwa kwa nguvu ya sumaku) yenye dawa ya kontrasti, yaani dawa inayochomwa mshipani ili tishu zing'ae kwenye picha, hasa ile iitwayo gadoksetati.

Picha za kwanza hupigwa damu ya ateri inapoingia kwenye ini, kisha ile ya mshipa unaotoka matumboni. Moyo wa mtoto huenda mbio, kwa hiyo hatutegemei sekunde tulizozoea kwa watu wazima. Tunaitazama dawa yenyewe ikifika kwenye aota, ateri kuu inayotoka moyoni. Hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani, kwa kawaida huanza kung'aa pembezoni, mwanga ukasogea taratibu kuelekea katikati. Hepatoblastoma, saratani inayoanzia kwenye ini lenyewe na ambayo wengi wanaoipata hawajafikisha miaka 5, hung'aa kwa mabakabaka.

Ila thamani kubwa ya gadoksetati iko mbele zaidi. Takriban nusu yake huchukuliwa na seli za ini na kutolewa kupitia nyongo. Kufikia dakika ya 20 baada ya kuchomwa dawa, ini lenye afya limeng'aa lote, na saratani iliyosambaa kutoka kwingine hubaki nyeusi kwa sababu haina seli za ini. Vinundu vya FNH, ambavyo si saratani na huonekana kwa baadhi ya watoto waliowahi kupewa tiba ya kemikali, vina seli hizo. Navyo hung'aa sawa na ini au kulizidi, pengine kama pete. Picha hiyo moja huweza kumwepusha mtoto na sindano, au na duru nyingine ya dawa kali asizozihitaji.

Hata hivyo siisomi peke yake. Baadhi ya hepatoblastoma huichukua dawa hii pia, ndiyo maana nataka kipimo cha damu cha AFP, protini ambayo kwa kawaida hepatoblastoma huipandisha, nikikumbuka kwamba kwa mtoto mchanga kiwango chake huwa juu hata akiwa mzima. Picha zikipingana na damu, kinyama kichukuliwe.

Ndugu daktari unayeandika ombi la kipimo, usiniandikie "uvimbe kwenye ini" pekee. Niandikie umri, AFP, hali ya figo, na kila tiba ya saratani aliyowahi kupata mtoto huyo.