Kuku kunyonyoka manyoya kwenye winta: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Sisi tunaofuga kuku uani huku Minnesota, Marekani, ikifika Novemba swali ni lilelile, tetea wangu kabaki uchi na baridi ndo hiyo inaingia, nifanyeje? Majibu mengi yanayozunguka yanamtesa kuku bure, na inaniuma.

"Ni baridi inayomnyonyoa." Hapana, ni mwanga kupungua. Nyumbani Afrika Mashariki mchana unacheza kwenye masaa 12 mwaka mzima, ndo maana wengi wetu hatukuzoea kuona banda zima linapukutika kwa mpigo. Huku mwezi wa 12 mchana haufiki hata masaa 9, na mwili wa kuku aliyefikisha kama mwaka na nusu unaanza kuona mabadiliko hayo mapema, siku zinapoanza kufupika, anamwaga manyoya ya zamani ili aote mapya. Inaanza kichwani na shingoni, kisha kifua, mgongo, mabawa, mkia mwishoni. Wiki 8 mpaka 16, na mayai yanasimama.

"Kanyonyoka, basi anaumwa, mpe antibayotiki." Jamani, angalia kwanza ni wapi! Mshike usiku akiwa ametulia kwenye kichanja, washa tochi, pekua manyoya taratibu. Ukiona vijiti vidogo vyeusi au vya bluu vinachomoza kwenye ngozi, vingine vina ganda jeupe nchani, hayo ni manyoya mapya na ndani yana damu, yakivunjika yanavuja na yanamuuma, kwa hiyo mrudishe na usimbebebebe tena ovyo. Upara uko mgongoni na nyuma ya shingo tu na una jogoo bandani? Ni jogoo anavyompanda. Uko juu ya mkia na pana vidonda, basi wenzake wanamdonoa, hii huja sana theluji ikiwafungia ndani wiki nzima hawana cha kuparua, mtenge maana wakiona damu hawaachi, na wale wengine waning'inizie kabichi nzima wahangaike nayo.

"Winta inaua utitiri wote." Hii ndo mbaya kuliko zote. Kuna utitiri unaokaa kwenye mwili wa kuku usiku na mchana, umepata joto lake humo, na miezi ya baridi ndo unashamiri, utauona karibu na njia ya haja, manyoya yamekuwa meusi meusi kama yana uchafu na vidudu vinatembea mpaka kwenye mkono wako. Kuna mwingine unajificha kwenye nyufa za vichanja mchana, usiku unatoka kunyonya damu. Chawa nao mayai yao ni vibonge vyeupe vimeganda kwenye shina la unyoya. Tafuta dawa ya kuku yenye permethrini, soma lebo vizuri hasa habari ya mayai ya kula, tibu kuku wote na banda lenyewe, halafu kama ni chawa rudia baada ya siku 7 mpaka 10 kwa sababu mayai yao hayafi.

"Mjaze mahindi, yanatia joto." Unyoya ni protini, kama asilimia 85, mahindi yana 8 au 9 tu, ukimshibisha hayo atajenga manyoya kwa kitu gani? Chakula cha leyazi, yaani kuku wa mayai, mara nyingi kina 16, kipindi hiki mpe chenye 18 mpaka 20, ongeza dagaa wakavu kidogo wasio na chumvi, wapo maduka ya Kiafrika.

Kumvalisha kuku sweta? Hapana kabisa, linasugua manyoya yanayoota na linashika unyevu.

"Mwashie taa ya joto." Vumbi, maranda makavu na balbu ya moto, mabanda yanaungua hivyo na kuku wakiwa ndani. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 za Selsiasi hivi, anachohitaji ni banda kavu lisilopigwa na upepo, na matundu juu ya kutolea unyevu, maana unyevu ndo unaofanya kilemba kiungue na baridi. Ila kama kweli yuko karibu uchi kabisa na nje ni nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, mpeleke gereji na mwenzake mmoja, siyo sebuleni kwenye hita, akizoea joto lile kumrudisha nje itakuwa shida, akae hukohuko gereji mpaka mgongo na kifua vifunike.