Oktani Si Nguvu: Soma Kifuniko cha Tangi Kabla ya Kulipia Zaidi

Malalamiko ya petroli yanayotufikia siku hizi yana sura mbili. Wapo wanaodai wameuziwa mafuta "mepesi" kwa sababu gari halivuti. Wapo pia walioanza kujaza petroli ya oktani ya juu kwenye Vitz na Passo wakitarajia mbio, kisha wanatuuliza mbona hawaoni tofauti. Hawataiona.

Namba ya oktani haipimi nguvu wala usafi wa mafuta. Inapima jinsi petroli inavyostahimili kubanwa ndani ya silinda bila kulipuka yenyewe kabla ya wakati. Injini yenye mgandamizo mkubwa, au yenye tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), huibana petroli zaidi, ndiyo maana inadai namba kubwa. Injini iliyoundwa kwa 91 haipati faida ya maana ukiipa 95. Anayefaidika ni muuzaji.

Jibu liko ndani ya kifuniko cha tangi au kwenye kitabu cha gari. Magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika Japani, na kibandiko huwa cha Kijapani. Kipige picha, simu itakutafsiria. Kule petroli ya kawaida huanzia oktani 89 kwa kipimo kiitwacho RON, na ile ya oktani ya juu, waiitayo haioku, huanzia 96. Gari lililoandikiwa haioku, kama Subaru Impreza WRX ya tabo, lipewe oktani ya juu kabisa inayopatikana. Magari ya Marekani yanahitaji uangalifu zaidi. Wenzetu hao huandika wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON, ambacho hufanywa katika hali ngumu zaidi na hutoa namba ndogo, kwa hiyo 87 yao ni karibu na RON 91, na 91 yao inakaribia RON 95 au 96. Aliyesoma "91" kwenye gari hilo akaridhika na RON 91 anaweza kuiumiza injini bila kujua.

Tunaomba pia tuachane na dhana kwamba kila injini inayogonga, yaani inayotoa mlio wa petroli kulipuka kabla ya wakati, imepewa mafuta yaliyochakachuliwa. Kaboni iliyoganda, plagi zisizo sahihi na injini kuchemka huleta mlio uleule. Mwite fundi kwanza.

Hata hivyo uchakachuaji upo. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli hushusha oktani vibaya sana. Ndiyo sababu hapa Tanzania vinasaba, yaani kemikali ya alama inayotiwa kwenye mafuta halali ili yatambulike, vilianza kutumika mwaka 2010, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili kuondoa kishawishi. Gari lililokuwa zima likianza kugonga mara tu baada ya kujaza, tunza risiti ya EFD, andika namba ya pampu na saa uliyojaza. Usituletee chupa uliyochota kwenye tangi lako: humo mna mabaki ya mafuta ya awali, hayathibitishi lolote dhidi ya sheli. Sampuli huchukuliwa na mkaguzi kwenye pampu yenyewe, ikapimwa vinasaba, kisha ubora wake maabara. Peleka lalamiko kwa mwenye kituo kwanza. Asipokuridhisha, liwasilishe EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa maandishi ukiambatanisha nakala ya risiti. Kituo kikibainika na kosa kinaweza kutozwa faini, kufungiwa au kunyang'anywa leseni, na mhusika kufikishwa mahakamani. Bila risiti, ni vigumu kwetu kuthibitisha hata kwamba ulijaza hapo.