Mng'ao: kwa nini ofisi yenye mwanga tele bado huumiza macho

Mfanyakazi akilalamika kwamba macho yanamuuma, huitwa fundi aongeze taa. Mara nyingi hapo ndipo tatizo linapokua. Kinachomuumiza huenda si uhaba wa mwanga bali mng'ao: kitu kilicho mbele ya macho, kama taa au dirisha, kinachong'aa kupita kiasi kikilinganishwa na vilivyokizunguka. Mboni hujibana kwa sababu yake, na maandishi yaliyo mbele ya mtu yakafifia. Atakunja uso na kupinda shingo ili aone vizuri, na jioni kichwa kitamgonga.

Kiasi cha mwanga unaofika mezani hupimwa kwa laksi. Lumeni moja, yaani kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa, ikienea kwenye mita moja ya mraba ni laksi moja. Kiwango cha Ulaya EN 12464-1 kinataka laksi 500 kwa kazi za kusoma, kuandika na kuchapa. Kinataka pia kipimo cha mng'ao, UGR, kisizidi 19. Sharti hili la pili ndilo husahaulika. Taa za tubu zisizo na kifuniko zinaweza kutoa laksi 500 kamili na bado zikamtesa aliyekaa chini yake, kwa kuwa mita ya laksi hupima mwanga unaotua mezani tu. Haijui jicho linatazama wapi.

Kupima bila mita ni rahisi. Keti unapofanyia kazi, kisha weka kiganja juu ya nyusi kama ukingo wa kofia. Ukihisi nafuu papo hapo, taa au dirisha linakupiga moja kwa moja. Halafu zima skrini: chochote unachokiona humo kama kwenye kioo, ndicho kinachofunika maandishi yako ikiwa imewashwa.

Anza na meza, maana kuisogeza hakugharimu kitu. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma ya skrini linashindana nayo. Likiwa mgongoni kwako linaakisiwa ndani yake. Anayeandika kwa mkono wa kulia aliweke kushoto, kivuli cha mkono kisiangukie karatasi. Meza ikae kati ya safu mbili za taa, nawe utazame sambamba nazo.

Huku kwetu karibu na ikweta, madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo sumbufu zaidi: jua la asubuhi na la jioni huingia likiwa chini, na ukingo wa paa hauwezi kulizuia. Hayo yanahitaji mapazia ya kurekebishika. Ya kaskazini na kusini hutosheka na ukingo mfupi.

Tubu zilizo wazi zivalishwe vifuniko vya rangi ya maziwa, na dari ipakwe rangi nyeupe isiyong'aa ili taa zisionekane kama mwako gizani. Vifuniko hivyo hula sehemu ya mwanga, na vumbi huongeza hasara, kwa hiyo vifute mara kwa mara na upime laksi upya baada ya kuviweka.