Kabla hujanunua shokapu mpya za ATV, pima hizo ulizonazo

"Ninunue shokapu gani?" Mwenye ATV ya mbio (pikipiki ya magurudumu manne) anayeniuliza hivyo huwa tayari ameshaona seti zenye chupa za pembeni na springi za rangi, ameshaulizia bei, na bei imemkata maini. Nami humrudishia swali: ukikaa juu ya mashine yako na helmeti na buti zako, nyuma inazama milimita ngapi? Karibu hakuna anayejua. Na kipimo hicho hakitaki zaidi ya tepu na mtu wa kukusaidia.

Kwanza, mambo mawili ya bei rahisi. Upepo wa tairi: tairi za ATV za mbio hujazwa upepo kidogo sana, kwa kawaida psi 4 hadi 5 hivi, na geji ya gari haiwezi kusoma vizuri huko chini. Nunua geji ya presha ndogo. Tairi iliyojazwa kupita kiasi hurusha mashine kwenye kila jiwe, halafu lawama zinaenda kwa shokapu.

La pili ni linki ya nyuma, ile iliyo chini ya shokapu. Ifungue. Kwenye mashine iliyozoea kuoshwa kwa maji ya presha, sindano za bearing hutoka zimeshikana ndani ya unga mwekundu wa kutu, na bushi imechimbika mistari unayoihisi kwa ukucha. Linki kama hiyo hukwama kidogo kabla ya kuachia, na mpandaji huapa kwamba shokapu ni ngumu. Weka bearing mpya, sili mpya na grisi inayostahimili maji. Ukiwa hapo, tikisa na boljointi za mbele na bushi za wishiboni (mikono inayoshika magurudumu ya mbele), maana zikiwa na mchezo, hakuna kipimo utakachochukua kikawa cha kweli.

Sasa pima. Inua mashine mpaka magurudumu yaning'inie. Chukua urefu kutoka katikati ya ekseli kwenda juu wima hadi alama uliyoweka kwenye bodi, uandike. Ishushe, ibonyeze mara kadhaa itulie, kisha panda na vifaa vyako vyote, msaidizi apime palepale. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mzamo. Kwa nyuma, wengi wetu tunaanzia karibu na theluthi moja ya safari yote ya gurudumu (umbali linaoweza kupanda na kushuka), na mbele pungufu kidogo. Yamaha YFZ450R ina safari ya milimita 250 mbele na 280 nyuma, kwa hiyo nyuma unatafuta mzamo wa 90 hivi. Raptor 700R, yenye 256 nyuma, ianzishie 80 hadi 85.

Mzamo ukizidi, kaza nati ya springi, ukipungua, legeza. Ila elewa unachofanya. Kukaza nati hakuifanyi springi kuwa ngumu, kunainua mashine tu. Springi laini iliyokazwa sana inabaki laini, na bado itagonga chini ukitua kutoka juu. Kujua kama springi inakufaa, ukishapata mzamo sahihi shuka, kisha pima mashine ikiwa imesimama bila mtu. Kama haizami kabisa kwa uzito wake yenyewe, springi ni laini kwako, umeilazimisha kwa nati. Kama inazama sana hata bila mtu, springi ni ngumu kupita uzito wako.

Hapo ndipo ningeweka pesa ya kwanza: springi za uzito wako kwenye shokapu zilezile za kiwandani. Kiwanda kilimlenga mpandaji wa wastani. Mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 105 hawawezi kutumia springi moja, hata shokapu iwe ya bei gani. Ukiona springi mbili zimepangwa moja juu ya nyingine, jua kwamba zikifanya kazi pamoja zinakuwa laini kuliko kila moja ikiwa peke yake. Ndiyo maana kuna pete inayozuia ile fupi isiendelee kubonyea; kutoka hapo ile ndefu inabaki peke yake na ugumu unapanda ghafla. Pete ikikaa mahali pasipofaa, utasikia kama kuna ngazi katikati ya safari.

Pesa ya pili ni oili ya shokapu, na watu wanaisahau kabisa. Oili ya injini wanabadilisha kwa bidii, ya shokapu inakaa tangu kiwandani mpaka inatoka ya kijivu, nyembamba, ina vumbi la chuma. Shokapu inayofanya vizuri asubuhi na kulegea ikipata moto haina haja ya kutupwa. Inahitaji oili, sili na naitrojeni. Kazi hii mpe fundi mwenye vifaa, kwa sababu ndani kuna gesi yenye presha kubwa na kofia yake ikiruka inaumiza vibaya. Usikubali ajaze upepo wa kompresa badala ya naitrojeni, kwani unyevu unaingia nao. Na kwa kuwa shokapu tayari imefunguliwa, huo ndio wakati wa kupanga upya vile vibati vyembamba vya vali vinavyobana oili inapopita. Mpe fundi namba zako: uzito wako na vifaa, mzamo uliopima, na unaendesha kwenye mchanga, mawe au njia ya kuruka. Ukimwambia tu "iwe nzuri zaidi", atabahatisha.

Kugeuza skrubu za kurekebishia shokapu hakugharimu kitu. Funga kila moja mpaka mwisho taratibu ukihesabu mlio wake, andika hesabu, irudishe ilipokuwa. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja kwa wakati, mlio mmoja au miwili. Nyuma ikikurusha baada ya tuta, kurudi (shokapu kutanuka tena baada ya kubonyea) ni kwa haraka mno. Ikizidi kushuka kadiri matuta yanavyofuatana, kurudi ni kwa polepole mno, gurudumu halipati muda wa kuteremka.

Shokapu zilizotumika kutoka mashine nyingine ni njia nzuri ya kubana matumizi. Pima urefu kutoka tundu hadi tundu, safari ya fimbo, upana wa bushi na unene wa bolti. Kuna mashine ambazo ni ndugu kabisa: Suzuki LT-Z400 ya kwanza na Kawasaki KFX400 ya 2003 hadi 2006 ni mashine moja iliyovalishwa bodi tofauti, hivyo unatafuta kwenye masoko mawili. Pitisha ukucha kwenye fimbo: ukucha ukikwama au ukiona kromu imebanduka, iache. Sili mpya itakatwa na mkwaruzo huo huo.

Wishiboni ndefu mimi naziweka mwisho kabisa. Tuseme mkono wa wishiboni una milimita 400 na shokapu imefungwa kwenye 250. Ongeza 50 kwa nje, na ugumu wa springi unaofika kwenye gurudumu unashuka kwa zaidi ya asilimia 20, kwa sababu uwiano wa urefu huo miwili unahesabiwa kwa mraba. Kwa hiyo aliyenunua wishiboni peke yake amenunua mashine pana na laini, inayogonga chini, na sasa anahitaji springi, tairodi (vyuma vya usukani) ndefu, na mipira ya breki inayofika. Kama shida yako ni kuyumba tu kwenye kona, anza na ringi za mbele zenye kina kinachotoa tairi nje kidogo, kisha panga upya uelekeo wa magurudumu ya mbele. Nazo zinaongeza mzigo kwenye bearing, kwa hiyo zikague mapema.