Barabara Ilibaki, Namba Ikaondoka: California Mwaka 1964

Katika kazi yangu ya kulinganisha ramani za zamani na za sasa, hakuna tarehe ninayoizingatia kuliko 1 Julai 1964. Siku hiyo ilianza kutumika sheria iliyopitishwa na bunge la jimbo la California mwaka 1963, ambayo ilipanga upya namba za barabara zote za jimbo, zikiwemo zile za mashambani ambazo wakazi wake walikuwa wamezizoea kwa miaka 30.

Kabla ya hapo, barabara moja ilikuwa na namba mbili. Namba ya kwanza ilikuwa ya kisheria, nayo ilitumika katika vitabu vya serikali tu. Ya pili ndiyo iliyoandikwa kwenye vibao ambavyo dereva aliviona. Barabara kuu ya shirikisho namba 99, kwa mfano, ilijulikana kisheria kuwa namba 4 katika sehemu yake ya kati ya Los Angeles na Sacramento. Anayesoma hati za ujenzi za miaka ya 1950 bila kulijua hilo anaweza kudhani kwamba ni barabara mbili tofauti, na mimi nimeona kosa hilo likirudiwa mara nyingi. Sheria mpya iliamuru namba moja kwa njia moja, na namba nyingi za shirikisho zikafutwa pale zilipopita sambamba na barabara mpya za kasi za kitaifa, au pale njia ilipokuwa ndani ya jimbo moja tu.

Mfano unaonivutia zaidi ni barabara namba 466, iliyoanzia Morro Bay kwenye pwani ya Pasifiki na kuishia Kingman, Arizona. Ndani ya California iligawanywa vipande: kati ya Morro Bay na Atascadero ikawa 41, kati ya Paso Robles na Famoso ikawa 46, na kutoka Bakersfield hadi Barstow ikawa 58, namba ambayo tayari ilikuwa yake katika vitabu vya sheria. Taarifa za kifo cha mwigizaji James Dean, aliyegongana na gari jingine karibu na Cholame tarehe 30 Septemba 1955, huitaja makutano ya 466 na 41; anayeyatafuta leo hana budi kufuata vibao vya 46.

Barabara ya 299, inayopita milimani kaskazini, haikubadilishwa hata namba. Kilichobadilika ni kibao: ngao ya shirikisho iliondolewa, ikawekwa ile ya jimbo yenye umbo la beleshi la wachimba dhahabu.

Barabara yenyewe huwa haifi namba inapofutwa. Barabara mpya inapofunguliwa kando yake, jimbo huweza kuikabidhi ile ya zamani kwa kaunti au mji, na kuanzia hapo matengenezo huwa mzigo wa mamlaka hiyo. Kwa mtafiti aliye barabarani, ushahidi ulio wazi zaidi ni vibao vidogo vya maili, ambavyo huhesabu umbali upya katika kila kaunti. Pale ambapo njia ilihamishwa baada ya kupimwa, maili za sehemu mpya hutanguliwa na herufi R, na kila nionapo herufi hiyo hutazama pembeni kutafuta lami ya zamani.